Sheikh Abdalla Saleh Farsy: Aliyeandika Nani Alisoma Nini, na kwa Nani

Ndugu msomaji, kabla sijakusimulia maisha ya marehemu Sheikh Abdalla Saleh Farsy, yanipasa kwanza nikueleze habari za daftari langu, maana bila ya daftari hilo huenda nisingeyatazama maisha ya mwanachuoni huyu kwa jicho nililoyatazamia.

Mwaka 1979 nilihamishwa kikazi kutoka Mombasa nikapelekwa Homa Bay. Nilikuwa karani wa hesabu, kijana wa miaka 24, sijaoa, na katika maisha yangu sikuwahi kulala mji usiokuwa na adhana kila upande. Homa Bay wakati huo ilikuwa makao makuu ya wilaya iliyoitwa South Nyanza. (Wilaya hiyo iligawanywa mwaka 1992, na Migori ikapata wilaya yake yenyewe.) Niliondoka na mkoba wa nguo na sanduku la bati la vitabu. Ndani ya sanduku mlikuwa na daftari lenye jalada gumu, la aina ile wanayoandikia madeni wenye maduka, na humo nilikuwa nikiandika kila kitabu nilichokimaliza tangu nilipokuwa shuleni. Nilikuwa na safu mbili tu: jina la kitabu na tarehe ya kukimaliza.

Safu ya tatu niliiongeza kwa sababu ya Sheikh Farsy. Muda mfupi kabla ya safari nilinunua kitabu chake kiitwacho Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, kilichotoka Mombasa mwaka 1972. Nilikisoma ndani ya basi, na nilipofika Kisumu nilikuwa nimekwisha kuelewa kwamba daftari langu lina upungufu. Katika kitabu kile hakuna mtu anayetajwa kuwa amesoma tu. Kila mmoja amesoma kitu fulani kwa mtu fulani. Huyu kasoma fikihi kwa fulani, nahau kwa fulani mwingine, kisha akaja kusomesha fulani na fulani. Basi nikachukua rula, nikachora mstari mwingine, na juu yake nikaandika: kwa nani.

Sasa tuingie katika maisha yenyewe.

Sheikh Abdalla alizaliwa Unguja mwaka 1912. Unguja ya siku zile ilikuwa ndiyo chuo kikuu chetu, ingawa haikuwa na jengo lenye jina hilo. Watu walitoka Lamu, Mombasa, Komoro, Barawa na mrima kwenda kusoma pale, na waliokuwa wakifuatwa zaidi ni wawili: Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumait na Sheikh Abdalla bin Muhammad Bakathir. Sayyid Ahmad alizaliwa Komoro mwaka 1861. Katika ujana wake aliendesha chombo baharini, baadaye akawa Kadhi wa Unguja, akasafiri kwenda Istanbul, Misri na Hadhramaut kutafuta elimu, na alipokuwa ameacha ukadhi akarudi na kuushika tena. Sheikh Abdalla Bakathir alikuwa mtu wa Lamu, mwanafunzi na rafiki yake, na ndiye aliyeanzisha madrasa mashuhuri pale Ukutani. Naye alisafiri sana, hata akafika Cape Town kusuluhisha mzozo uliokuwa kati ya Waislamu wa huko. Safari yake ya Hadhramaut aliiandikia kitabu kizima cha Kiarabu, na humo mna masheikh aliowazuru na elimu aliyoipata kwao. Kwa hiyo desturi ya kuweka kumbukumbu ya aina hii haikuanza na Farsy, aliikuta nyumbani.

Mabwana hawa wawili walifariki mwaka mmoja, 1925. Abdalla Saleh alikuwa mtoto wa miaka 13.

Naomba msomaji ausimamie kidogo mwaka huo. Mtoto wa umri ule amekwisha kuwa na akili ya kujua kwamba jambo kubwa limetokea, lakini hajafika daraja ya kukaa mbele ya watu wale na kuwasomea vitabu vikubwa. Amewakosa kwa miaka michache tu. Alichokipata ni wana wao: alisoma kwa Sheikh Abubakar bin Abdalla Bakathir, mwana wa yule wa Lamu, na kwa Sayyid Umar bin Ahmad bin Sumait, mwana wa yule Kadhi. Mimi naamini, wala sina ushahidi ila kitabu chenyewe, kwamba hamu ya kukusanya habari za wale waliotangulia ilianzia hapo. Mtu aliyekaa na babu yake hahitaji kuuliza sana. Anayeuliza kila mzee anayempita ni yule ambaye babu alifariki yeye akiwa bado mdogo.

Kwa kazi alikuwa mwalimu wa shule. Alisomeshwa ualimu na serikali na akafundisha kwa miaka mingi katika shule za Unguja. Jambo hili watu hulipita haraka wakikimbilia ukadhi wake, nami naona ndilo lililomfanya awe alivyokuwa. Wanavyuoni wengi wa zama zake waliandika kwa Kiarabu, na wakiandika kwa Kiswahili waliandika kwa herufi za Kiarabu. Mwalimu wa shule alijua kwamba watoto aliokuwa nao darasani wanasoma Kiswahili kwa herufi za Kizungu, na kwamba ndio watakaokuwa watu wazima wa kesho. Akawaandikia kwa hati wanayoisoma. Katika miaka ya 1940 alikwisha toa kitabu cha maisha ya Mtume, Rehema na Amani zimshukie, kitabu cha Seyyid Said bin Sultan, na kitabu cha Imam Shafi pamoja na wanavyuoni wakubwa wa Mashariki ya Afrika. Hicho cha mwisho ndicho mbegu ya kile cha 1972. Ina maana aliishika kazi hiyo moja kwa miaka isiyopungua ishirini na kitu, akiongeza, akipunguza, akiuliza. Mwaka 1956 akatoa kitabu cha ada za harusi katika Unguja, na hapo utaona ni tabia yake: kitu kinachoweza kupotea akikiona hukiandika.

Mwaka 1960 akawa Kadhi wa Unguja. Januari 1964 yakaja mapinduzi. Sina haja ya kuyasimulia hapa, wengi wetu tuna jamaa walioyaona. Kwa habari ya elimu, yaliyofuata ni kutawanyika. Darsa zilizokuwa zikijaa zikapungua watu, na walimu wakaondoka mmoja baada ya mwingine. Sayyid Umar bin Sumait, mwalimu wake, aliondoka naye akamalizia umri wake Komoro. Kitabu cha dini kilichokuwa nyumbani kwa mtu kilibaki na nani? Kingine kiliuzwa, kingine kililiwa na mchwa, kingine kiko Oman. Sheikh Farsy alibaki mpaka 1967 akiwa Kadhi, kisha akaja Kenya, na mwaka 1968 akashika kiti cha Kadhi Mkuu baada ya Sheikh Muhammad Qasim Mazrui.

Kwa hiyo kitabu cha 1972 kiliandikwa na mtu aliyekuwa Mombasa, akiikumbuka Unguja iliyokwisha kutawanyika. Ukikisoma bila ya kujua hivyo utakiona ni orodha kavu ya majina, vizazi na vifo. Baadhi ya wasomaji wamekilalamikia hivyo, kwamba majina ni mengi mno na hadithi ni chache. Mimi sikubaliani nao. Fulani alisoma Minhaji kwa fulani: maneno hayo machache ndiyo yaliyobaki ya asubuhi nyingi za watu wawili waliokaa juu ya mkeka, mmoja akisoma na mwingine akimsahihisha irabu. Aliyeyaandika aliwajua waliokuwa wamekaa pale, au aliwajua wana wao.

Katika ulimwengu wa Kiislamu wako waliofanya kazi kubwa zaidi kwa idadi. Istanbul ya karne ya 17 ilikuwa na karani mmoja wa jeshi, Haji Khalifa, aliyezaliwa mwaka 1609. Alipokuwa na jeshi Aleppo alianza kupita katika maduka ya vitabu akiandika majina ya vitabu alivyoviona, na aliporithi mali aliitumia kununua vitabu. Alipofariki mwaka 1657 aliacha orodha ya vitabu vipatavyo 14,500, imepangwa kwa herufi, ambayo wataalamu wanaitumia mpaka leo. Nilipokuwa karani Homa Bay nilipenda sana kumfikiria karani mwenzangu huyo! Lakini Haji Khalifa alikipanga kitabu kwa jina lake na la mtungaji wake. Sheikh Farsy alikipanga kitabu ndani ya maisha ya msomaji. Kwake yeye Alfiya si kitabu kimoja: ni Alfiya ya kila aliyeisoma na ya kila aliyesomeshwa.

Mpaka hapa huenda msomaji akasema, basi huyu alikuwa mtu wa silsila, mwenye kuamini kwamba asiyekuwa na mwalimu hana elimu. Hapo ndipo ninapotaka kufika. Miaka mitatu kabla ya kitabu hicho, mwaka 1969, mtu huyo huyo alitoa kazi iliyomfanya ajulikane katika kila nyumba: Qurani Takatifu, tafsiri kamili ya Kiswahili pamoja na maelezo yake, iliyochapishwa na Islamic Foundation ya Nairobi. Tafsiri za Kiswahili zilikuwako kabla yake. Mmishonari Godfrey Dale alitoa yake mwaka 1923, na Maahmadiya walitoa yao mwaka 1953. Sheikh Farsy hakuridhika nazo, na yake aliitoa kwanza kidogo kidogo, sehemu kwa sehemu, kabla haijatimia. Ilikuwa kwa herufi za Kizungu na kwa Kiswahili chepesi cha kisomo, na iliuzwa madukani. Yaani yeyote mwenye shilingi zake aliweza kuinunua, akaenda nayo popote, akaisoma peke yake bila ya sheikh yeyote kukaa mbele yake.

Wako waliolichukia jambo hilo. Walihofu kwamba mtu atasoma aya katika Kiswahili, aifahamu vibaya, kisha awe mufti wa mtaa wake. Hofu hiyo si ya kuchezewa, na Sheikh Farsy mwenyewe aliijua kuliko wao, kwani alikuwa anaandika kwa mkono mwingine majina ya wote waliosoma kwa walimu. Wala hakuwa mtu wa kuogopa ugomvi. Mwaka 1977 alitoa kitabu alichokiita Bid-a, ambacho kiliwaudhi wengi katika pwani yetu kwa sababu ya mambo ya mazishi na maulidi waliyoyazoea. Ajabu ni kwamba walimu wake mwenyewe walikuwa masharifu wa njia ya Alawi na wafuasi wao, watu ambao mengi ya yale yaliyokatazwa yalitendwa mbele yao. Pamoja na hayo, katika kitabu cha wanavyuoni aliwaandika kwa adabu na mapenzi. Alikuwa akipingana na mtu leo, na kesho akaandika kwa uaminifu mtu huyo alisoma nini na kwa nani. Sijui wangapi kati yetu wanaliweza hilo.

Kitabu kina mipaka yake pia. Kwa jina lake tu ni cha Mashafi, basi wanavyuoni wa Kiibadhi waliokuwa majirani zake Unguja si wa kuwatafuta humo. Neno Baadhi aliliweka makusudi, nadhani.

Nirudi Homa Bay. Waislamu tulikuwa wachache: wenye maduka, makarani kama mimi, madereva, na baadhi ya wenyeji Wajaluo ambao Uislamu wao ulikuwa wa tangu babu zao. Wengi wa hawa walikuwa upande wa Kendu Bay, ambako upo msikiti wa zamani, na Idi nyingine nilipanda matatu kwenda kusali huko ili nisikie takbiri za watu wengi. Kwa kuwa nilitoka pwani, watu walidhani mimi ni mwanachuoni. Dhana hiyo kila mtu wa pwani aliyefanya kazi bara anaijua. Hawajapita miezi sita wazazi kadhaa wakanijia, wakaniomba niwasomeshe watoto wao baada ya Alasiri.

Niliwakatalia. Sababu yangu ilikuwa daftari. Nilipolifungua nikakuta kwamba Safina, Risalatul Jamia na Ajrumiya zina jina la maalim wangu wa Mombasa katika safu ya tatu. Baada ya hapo, kurasa kwa kurasa, safu ile ilikuwa tupu. Vitabu vyangu vyote vya utu uzima, na tafsiri ya Sheikh Farsy pia ambayo nilikuwa nimeisoma yote mara mbili kwa taa ya chemni karibu na ziwa, nilivisoma peke yangu. Kwa kipimo cha kitabu cha 1972, sikuwa nimevisoma.

Wazazi hawakukata tamaa, na mwisho nilikubali kusomesha Safina tu, kwa kuwa hiyo nilikuwa na haki nayo. Lakini watoto ni watoto. Mmoja aliyekuwa amehifadhi sura fupi fupi akaniuliza maana yake. Siku ya kwanza nikamwambia angoje. Siku ya pili nikaja na tafsiri, nikawasomea. Ikawa desturi. Baada ya miezi akapita mgeni, mtu mzima mwenye elimu, akatukuta katika kisomo hicho, akaniuliza kwa upole tafsiri nimeisoma kwa nani. Nikasema, kwa hakuna. Hakunikaripia. Aliitikia kwa kichwa tu, akanyamaza, na kunyamaza kwake kukanifanya nifunge darsa ya tafsiri mwezi mzima.

Katika mwezi huo ndipo nilipoanza kumfikiria Sheikh Farsy kama mtu, si kama jina juu ya jalada. Nilijiuliza: tafsiri ile alimwandikia nani? Mtu wa Ukutani au wa Mji wa Kale Mombasa hakuwa na shida, darsa ziko mlangoni mwake. Sheria ya mwaka 1967 ilieneza mahakama za kadhi nje ya ukanda wa pwani, na yeye alikuja kuwa Kadhi Mkuu mwaka uliofuata, basi hata sisi wa South Nyanza tulikuwa raia wake. Alijua kwamba katika nchi hii wako Waislamu wanaoishi mwendo wa siku nzima kutoka kwa mwalimu. Unguja yake mwenyewe ilikuwa imetawanyika, na aliona kwa macho yake walimu wanavyoweza kwisha. Nadhani alifanya kazi mbili kwa sababu ya hofu moja. Kwa kitabu kimoja aliwaandika waliokuwa na walimu, wasisahauliwe. Kwa kingine aliwaandikia ambao hawatakuwa na mwalimu. Nadhani tu, maana sikupata kumwuliza.

Nilifungua tena darsa. Katika safu ya tatu, mbele ya tafsiri, nikaandika kwa kalamu ya risasi jina la Sheikh Farsy. Kesho yake nikaona huo ni uongo, kwani sikumsomea hata herufi moja, nikalifuta. Baadaye nikaliandika tena. Ukurasa huo mpaka leo una weusi wa kufutwa futwa.

Novemba 1982 nilikuwa Homa Bay nilipopata habari kwamba Sheikh amefariki Oman, ambako alikuwa amekwenda baada ya kuacha ukadhi. Alikuwa na umri wa miaka 70. Jioni ile watoto walikuja kama kawaida, tukamwombea dua, kisha tukaendelea tulipoishia. Mwaka 1989 kitabu chake cha wanavyuoni kilitolewa kwa Kiingereza huko Marekani, kwa kazi ya mwanahistoria Randall Pouwels, na tangu hapo wataalamu wa vyuo vikuu wanaoandika juu ya pwani yetu hawawezi kukipita. Kitabu cha majina makavu kimekuwa mlango wao.

Mimi nilihamishiwa Migori, nikakaa huko mpaka nilipostaafu na kurudi Mombasa. Huko nako nilisomesha, wasichana wengi kuliko wavulana, katika chumba cha nyuma ya duka karibu na barabara iendayo Isebania.

Mwaka jana mmoja wa wasichana hao, ambaye sasa ni mama mwenye wajukuu na ana madrasa yake mwenyewe, alinipigia simu. Alikuwa na daftari mbele yake, la safu tatu, kwani wote niliwafundisha kulichora. Alikuwa akiliandika upya kwa sababu la zamani limechanika, na alitaka kujua mbele ya tafsiri aandike jina la nani. Nilimwambia aandike langu, kisha chini yake aandike kwamba mimi niliisoma peke yangu. Akaniuliza tarehe. Nikaenda kulitafuta daftari langu.